Gari la Kijapani Likianza Kusumbua: Pima Kwanza, Spea Baadaye

Magari mengi ya familia yanayotembea Dar es Salaam, Arusha, Mombasa au Kampala yalianzia maisha yake Japani: IST, Vitz, Premio, Wish, Noah, X-Trail, Fit. Ni magari imara, ila yanaongozwa na kompyuta na sensa, wakati mazoea ya gereji nyingi yametoka enzi za kabureta. Fundi anasikiliza, anakisia, anakutuma Gerezani au Kirinyaga Road, mitaa ya spea ya Dar na Nairobi, ukanunue kifaa. Tatizo likibaki palepale, anakutuma tena. Pesa nyingi za wenye magari zinapotea hivyo, kwa kubadilisha vitu vizima.

Kabla ya yote, weka kwenye buti mita ya umeme, tochi, geji ya upepo, na kile kifaa kidogo cha kusomea namba za hitilafu kinachoongea na simu. Hicho cha mwisho kijaribu kwenye gari lako kabla hujalipa, kwa sababu baadhi ya magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani, hasa ya miaka ya mwanzo ya 2000, hayaelewani na visomeo vya bei rahisi hata kama plagi inaingia vizuri.

Linapochemsha

Tuanze na joto, kwa sababu hakuna kinachoua injini haraka kama hilo. Silinda hedi za magari haya ni za alumini, na alumini ikipata joto kupita kiasi inapinda.

Vitz, Passo na ndugu zao wengi hawana geji ya joto. Kuna taa ya bluu injini ikiwa ya baridi na taa nyekundu ikichemsha. Katikati hapo huonyeshwi chochote. Kwa hiyo nyekundu ikiwaka, ujue umeshachelewa. Usiseme utamalizia hiyo kilometa moja ufike nyumbani. Zima AC, fungua hita mpaka mwisho wa joto na feni yake juu kabisa (hita ni kama rejeta ndogo ya pili, inasaidia kutoa joto), tafuta pa kuegesha, zima injini. Mfuniko wa rejeta usiuguse. Ndani yake kuna presha ya karibu bar 1, na maji yaliyopita nyuzi 100 yanageuka mvuke papo hapo ukiyafungulia. Subiri robo tatu ya saa, mpaka paipu nene ya juu iweze kuminywa bila kukuunguza. Ndipo uongeze maji, kidogo kidogo. Kumwagia maji ya baridi injini inayofoka ni njia ya uhakika ya kupasua hedi.

Ukishatulia, jiulize lilichemsha katika hali gani. Jibu la swali hilo linafanya nusu ya kazi ya fundi.

Likichemsha kwenye foleni na kupoa ukianza kukimbia, angalia feni. Washa injini, washa AC, nenda mbele ukasikilize: ndani ya dakika moja feni iwe imeanza. Isipoanza, pima fyuzi, kisha rilei, kisha upeleke umeme wa betri moja kwa moja kwenye plagi ya feni. Ikizunguka hapo, mota ni nzima na tatizo liko nyuma yake. Likichemsha barabara kuu au kwenye mlima kama Kitonga, huku mjini likiwa halina shida, rejeta imeziba ndani, au mapezi yake yamejaa vumbi na wadudu, au pampu ya maji imechoka. Na likichemsha dakika chache tu baada ya kuwashwa, ama maji hayapo, ama hewa imenasa ndani, ama themostati imegoma kufunguka.

Kuhusu themostati kuna tabia moja inayotuumiza. Fundi akikuta imeshika kutu anaitoa na kuitupa, na kukwambia nchi zetu za joto haziihitaji. Inahitajika. Themostati nyingi za Toyota zinaanza kufunguka kwenye nyuzi 82 ili injini ifike haraka kwenye joto lake la kazi. Ukiitoa, kompyuta inaona injini ya baridi muda wote, inaendelea kumwaga petroli nyingi, oili inashika tope, na ulaji wa mafuta unapanda. Baadhi ya magari yatawasha taa ya injini na namba P0128. Ikiwa imeharibika, weka mpya. Kuipima ni rahisi: itumbukize kwenye sufuria ya maji, chemsha, uone kama inafunguka kabla maji hayajaanza kutokota.

Ile kutu ilitoka wapi? Kwenye maji matupu. Maji ya visima vya Dar na ya ukanda wa pwani yana chumvi, na chumvi hiyo inakula alumini na kujaza magamba kwenye rejeta. Tumia kulanti, kimiminika maalum cha kupoza injini. Ikiwa kopo limeandikwa kuwa imeshachanganywa, mimina ilivyo. Ikiwa nzito, changanya nusu kwa nusu na maji yasiyo na chumvi (distilled water), ambayo wengi huyaita maji ya betri. Tahadhari: ukiuliza dukani “maji ya betri”, unaweza kupewa asidi. Soma lebo. Injini ndogo za familia zinachukua kati ya lita 4 na 6. Jaza taratibu, pua ya gari ikiwa imeinuka kwenye mwinuko, hita ikiwa kwenye joto la mwisho, kisha acha injini iungurume mpaka feni iwake na kuzima mara mbili huku ukiongeza kila maji yanaposhuka. Ukiruka hatua hiyo, hewa itabaki ndani na gari litachemsha likiwa na maji tele.

Mfuniko wa rejeta nao ni kifaa, sio kizibo. Una namba juu yake, 0.9 au 1.1, na hiyo ndiyo presha inayozuia maji yasichemke mapema. Mpira wake ukikauka, maji yanachemka chini ya joto lililokusudiwa. Nunua wenye namba ileile.

Mwisho, gasketi ya silinda hedi. Asubuhi injini ikiwa ya baridi kabisa, fungua mfuniko, washa, tazama maji. Mapovu yasiyokoma, paipu ya juu kuwa ngumu ndani ya dakika mbili tatu, moshi mweupe usiokatika, au oili yenye rangi ya chai ya maziwa: ukiona mawili kati ya hayo, hedi inashuka. Ikishuka, ipelekwe ikapimwe unyoofu na kuchongwa kabla gasketi mpya haijawekwa, vinginevyo utarudi baada ya mwezi.

Oili, na ule ushauri wa “weka nzito”

Injini ya Toyota ya 1NZ-FE, ile ya cc 1500 iliyomo kwenye IST, Vitz, Probox na Premio ndogo, inachukua lita 3.7 pamoja na filta. Dumu la lita 4 linabakiza kidogo. Usimimine yote kwa sababu umelipia. Oili yake ni 5W-30. Wauzaji wengi watakwambia uchukue 20W-50 kwa sababu ya joto. Injini zenye VVT-i zinageuza muda wa valvu kwa kusukuma oili kwenye vitundu vyembamba, na oili nzito inachelewa kufika, hasa asubuhi. Ndiyo maana gari likiwekewa oili hiyo linaweza kukosa nguvu na kuleta namba P0011.

Badilisha kila kilometa 5,000 kwa matumizi ya mjini yenye foleni na vumbi, filta ikiwemo. Injini za Toyota za 1NZ, 1ZZ na 1AZ zote zinatumia cheni, kwa hiyo anayekudai pesa ya mkanda wa taiming kwenye injini hizo hajafungua hata boneti. Cheni hizo zinaishi kwa oili safi. Mlio wa kukwaruza wa sekunde chache ukiwasha asubuhi ni cheni au kikaza cheni kinalalamika.

1ZZ-FE ya 1800, iliyomo kwenye Wish na Premio za mwanzo, ina sifa ya kula oili: vitundu vya kurudishia oili kwenye pistoni vinaziba na ringi zinanata. Jua inakula kiasi gani kabla ya kuamua kushusha injini. Egesha mahali tambarare, subiri dakika 10, jaza hadi alama ya F (full) kwenye kijiti cha oili, tembea kilometa 1,000, pima tena. Robo lita unaweza kuishi nayo, mradi uangalie kijiti kila Jumamosi. Lita nzima, anza kujipanga kwa ringi. Wengi hawaui injini hizi kwa sababu zinakula oili. Wanaziua kwa sababu hawakupima, oili ikaisha, injini ikanoki.

Giaboksi ya CVT

Hapa ndipo gari zima linaweza kupoteza thamani kwa kosa la siku moja. CVT haina gia za kupanda na kushuka. Ina mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili. Kinachofanya mkanda usiteleze ni presha ya oili na msuguano ambao oili hiyo ilitengenezwa kuutoa. Ukiweka ATF ya kawaida, ile nyekundu ya giaboksi za zamani, mkanda unateleza, puli zinachimbika, na hapo hakuna kurekebisha, ni kununua giaboksi nyingine.

Toyota inatumia CVTF TC kwenye magari ya zamani na FE kwenye ya baadaye. Nissan ni NS-2 au NS-3. Honda ni HMMF kwa za kale, HCF-2 kwa za karibuni. Soma kwenye kitabu cha gari au kijiti cha giaboksi, na umwambie fundi jina kamili. “Oili ya gia” haitoshi. X-Trail na magari mengine ya Nissan ya kizazi kile yanahitaji uangalizi zaidi: nchini Marekani kampuni yenyewe iliongeza dhamana ya CVT za magari ya 2003 hadi 2010 kufikia miaka 10 au maili 120,000, kwa sababu ya matatizo yaliyokuwa yakijirudia.

Badilisha kila kilometa 40,000, hata kama umeambiwa oili ni ya maisha. Ukifungua nati ya chini inatoka sehemu tu ya oili, mara nyingi lita 3 hadi 4, iliyobaki imekaa ndani. Kwa hiyo kinga yote kwenye chombo, pima kilichotoka, rudisha kiasi kilekile. Kabla ya kurudisha oili, fungua sahani ya chini, usafishe sumaku: unga laini wa kijivu ni wa kawaida, vipande vinavyong’aa ni habari mbaya. Kisha washa, kanyaga breki, peleka gia P, R, N, D ukisimama sekunde tano kila moja. Kimo kinapimwa oili ikiwa na joto alilotaja mtengenezaji. Kwenye Toyota nyingi zisizo na kijiti ni karibu nyuzi 40, na oili inaachwa ichuruzike kwenye tundu la kupimia mpaka ibaki matone. Hapo ndipo kisomeo chako kinapolipa, maana kwenye baadhi ya magari kinaweza kuonyesha joto la giaboksi.

Dalili za kuangalia: mlio mwembamba unaopanda na mwendo, mtetemo ukiondoka taratibu, mshale wa mizunguko kupanda huku gari halivuti. Ukizikuta mapema, oili sahihi inaweza kuokoa. Ukiwa umejaza abiria saba na mizigo kwenye mlima mrefu, punguza mwendo, na ukihisi gari limepoteza nguvu ghafla, egesha lipoe. Linajilinda na joto. Kuteremka tumia L, S au B badala ya kuning’inia kwenye breki. Na gari la CVT lisivutwe kwa kamba matairi yanayoendesha yakiwa chini.

Halina sailensa, au taa ya injini imewaka

Sailensa ni mizunguko ya injini gari likiwa limesimama. Gari linalozima ukisimama kwenye taa, au mizunguko inacheza, anza na throtobodi, mlango wa hewa wa injini wenye kisahani ndani. Masizi yakijaa pembeni ya kile kisahani, hewa haipiti vizuri. Toa paipu ya ea klina, tumia dawa ya kusafishia throto na kitambaa laini. Kisahani kinaendeshwa na mota, hivyo usikisukume kwa kidole switchi ikiwa imewashwa. Baada ya hapo kompyuta inatakiwa ijifunze upya: Toyota nyingi zinaridhika ukitoa fyuzi ya EFI dakika moja, kisha kuliacha gari liungurume dakika 10 bila AC. Nissan ni wasumbufu zaidi. Sailensa inaweza kupanda mpaka 1,500 au zaidi ukishasafisha, na mara nyingi itashuka tu baada ya kufundishwa kwa mashine. Hakikisha fundi ana mashine hiyo kabla hajafungua.

Likimisi, yaani silinda moja ikishindwa kuchoma mafuta vizuri, soma namba. P0301 ni silinda ya kwanza, P0302 ya pili, na kuendelea. Usinunue koili bado. Hamisha koili ya silinda ya kwanza kwenda ya pili, futa namba, endesha. Ikija P0302, koili imekufa. Ikibaki P0301, hamisha plagi, halafu nozeli. Mchezo huo hauna gharama na unaonyesha mhusika bila ubishi. Ukikuta oili kwenye kisima cha plagi, gasketi ya juu ya valvu imekauka. Ibadilishe kabla koili mpya haijaoga oili.

P0171 maana yake hewa ni nyingi mno kulingana na petroli, na watu wengi hukimbilia kununua sensa ya oksijeni, ambayo imefanya kazi yake ya kuripoti. Tafuta mpasuko kwenye paipu kati ya ea klina na throto, mpira wa vakyumu uliochomoka, sensa ya hewa yenye vumbi. Petroli iliyochakachuliwa nayo inavuruga injini. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji ya Tanzania, ilianza kuweka vinasaba (alama za siri za kutambua uchakachuaji) kwenye mafuta mwaka 2010 kwa ajili ya tatizo hilo, lakini bado tunza risiti ya kituo. P0420 inahusu masega ya ekzosi (catalytic converter), yanayosafisha moshi. Mara nyingi masega yameshatolewa na kuuzwa kabla hujalinunua gari. Chungulia chini.

Noah, Wish na Premio zenye 1AZ-FSE, zile zilizoandikwa D-4, zina ugonjwa wao. Petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, hivyo valvu za kuingizia hewa hazioshwi nayo, na masizi yanajenga mpaka gari linakosa nguvu na kutetemeka. Dawa ya kumimina kwenye tangi haifiki huko. Manifoldi inashushwa na masizi yanakwanguliwa kwa mkono. Ni kazi ya siku nzima, na inarudisha gari.

Umeme

Taa za ABS, usukani na injini zikiwaka zote kwa pamoja asubuhi, usiagize kompyuta. Pima betri. Gari likiwa limelala usiku kucha, 12.6 V ni betri iliyojaa, 12.2 ni nusu, chini ya 12 ni tupu. Wakati wa kupiga stata isishuke chini ya 9.6. Injini ikiunguruma iwe kati ya 13.5 na 14.7, chini ya hapo shuku altaneta, mkanda au vichwa vya betri vilivyoshika ukungu.

Betri nzima inayokufa kila baada ya siku tatu ina mwizi. Weka mita kwenye kipimo cha ampia 10 kati ya kichwa hasi na waya wake, funga milango, subiri nusu saa kompyuta zilale. Zaidi ya 0.05 A ni uvujaji. Chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke. Usipige stata mita ikiwa hapo. Nusu ampia inayovuja usiku na mchana ni saa-ampia 12 kwa siku, na betri ya NS40 ina kama 35 tu. Wahusika wa kawaida ni alamu na kifaa cha kufuatilia gari vilivyofungwa mtaani, na redio iliyoungwa waya kwa selotepu.

Kabla ya kutoa betri kwenye gari lenye redio ya Kijapani ya ramani, shikiza umeme wa betri nyingine kwenye waya. Baadhi ya redio hizo zikikosa umeme zinajifunga na kudai nywila kwa Kijapani.

Miguuni

Kugonga kwenye vishimo vidogo ni linki za stebilaiza, rahisi na za haraka. Mlio wa ta-ta-ta ukikata kona ni CV jointi, na mara nyingi ilianza kwa mpira uliopasuka ambao ungebadilishwa mapema. Mvumo unaobadilika ukiyumbisha gari kushoto na kulia ni beringi. Shokapu badilisha mbili kwa pamoja, mbele zote au nyuma zote.

Upepo usiachie mtu wa pancha akisie. Kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva kinaandika kPa: 230 ni psi 33 hivi. Namba nne za mwisho pembeni ya tairi ni tarehe. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, hata kama muuzaji anasema ni jipya.

Kero ndogo

Ufunguo wa kubonyeza usipoonekana na gari, kijibetri chake kimekwisha, kwa kawaida CR2032 au CR1632. Ndani ya rimoti kuna ufunguo wa chuma wa mlango. Kuwasha Toyota, kanyaga breki, gusisha upande wa nembo ya rimoti kwenye kitufe cha kuwashia, kisha bonyeza.

Sauti ya mama wa Kijapani kila ukiwasha ni kisomeo cha kadi ya ushuru wa barabara za Japani kinacholalamika hakina kadi. Kifuate chini ya dashibodi, chomoa plagi yake. Redio za kule zinaanzia 76 MHz na nyingi zinaishia 90, huku zetu zikienda mpaka 108. Kigeuza masafa kinasaidia kwa stesheni kadhaa, ila redio mpya inamaliza kazi.

AC isiyopoza, kabla ya kujaza gesi, fungua droo la dashibodi upande wa abiria. Nyuma yake kuna filta, na kwenye magari mengi yaliyotoka bandarini bado ni ileile iliyokuja nayo, imejaa majani ya Japani.